Parseli iliyo karibu na machimbo ya dhahabu: uutoe udongo, uutie chokaa, upande mimea ya kunyonya sumu, au ubadili mazao?

Mama yangu mdogo anakaa Kamituga, huko Mwenga, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, nami niko Bukavu. Kwa zaidi ya miaka kumi uwanja wa nyumba yake ulikuwa mahali pa kutwangia mawe. Akina mama watwangaji walifika asubuhi na vinu vyao vya chuma, wakaketi chini ya mti wa avokado, wakatwanga mawe ya dhahabu hadi yakawa unga laini kama wa muhogo. Nyuma ya jikoni vijana waliuosha unga ule kwa beseni, wakatia zebaki, wakakamua kwa kitambaa, wakachoma. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake watatu, na simruhusu mtu amlaumu kwa ajili yake.

Mwaka jana aliacha. Sasa wajukuu wawili wamehamia kwake, mmoja bado anatambaa. Anataka kulima lengalenga (mchicha) uwanjani. Ana shamba la muhogo kwenye mteremko unaoshuka mpaka kijitoni, na chini kabisa ana kipande cha bonde chenye mashimo mawili ya zamani yaliyojaa maji. Kuna mtu anamshawishi ayageuze mabwawa ya samaki.

Amepewa ushauri wa aina nne. Fundi mmoja amemwambia akwangue udongo wote wa juu aubebe mbali. Agronomu amemwambia atie chokaa na samadi. Kijana aliyesoma chuo amemwambia kuna mimea inayonyonya sumu ardhini. Jirani amemwambia aache mboga, apande mikaratusi. Akanipigia simu: "Mutoto yangu, yote wanasema ni mazuri, lakini pesa ni ile moja. Nianzie wapi?"

Kazi yangu ni udongo, kwa hiyo nilimjibu, na jibu lilikuwa refu kuliko salio la simu. Nimeliandika hapa kwa sababu katika machimbo ya mkoa wetu, kuanzia Luhwinja hadi Misisi, kuna familia nyingi zenye uwanja kama ule.

Sumu ipi?

Neno "sumu" peke yake halimsaidii mtu kuchagua. Dawa ya udongo inayofunga madini ya namna moja yaweza kuyafungua ya namna nyingine, na hapo ndipo ushauri mzuri unapogeuka kuwa hasara.

Zebaki inaletwa na watu. Inashika chembe za dhahabu, na donge linalobaki kitambaani baada ya kukamuliwa huwa karibu nusu dhahabu, nusu zebaki. Likichomwa, zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, inapaa, na sehemu ya mvuke wake hutua palepale karibu: juu ya bati, kwenye majani ya mboga, kwenye vumbi la uwanja. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilikadiria katika tathmini yake ya 2018 kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu hutoa kama asilimia 38 ya zebaki yote ambayo shughuli za binadamu hupeleka hewani. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, umetaja kuchoma donge katika makazi ya watu miongoni mwa mazoea yanayopaswa kukomeshwa.

Risasi (yaani madini ya risasi) na aseniki, sumu nyingine ya mwamba, haziletwi na mtu. Zinatoka ndani ya jiwe lenyewe. Mahali pengi duniani dhahabu hukaa pamoja na madini yenye aseniki, na pengine pamoja na madini ya risasi. Jiwe likiwa zima mlimani, halimdhuru mtu. Likitwangwa kuwa unga, kila chembe inakutana na hewa, mvua na mikono ya mtoto. Mchanga unaobaki baada ya kuosha, ule ambao Kamituga wanauita lutra, umebeba yote hayo, nao hurundikwa popote penye nafasi.

Ya nne ni kadimi. Hiyo mara nyingi hufuatana na madini ya zinki, na hata mbolea za fosfeti huwa nayo kidogo. Nimeitaja kwa sababu ndiyo inayopanda kwenye majani ya mboga kwa urahisi kuliko zote.

Uwanja na shamba havina hatari moja

Washauri wote wanne walizungumza juu ya shamba. Mimi nilimuuliza mama mdogo kwanza kuhusu uwanja.

Mtoto anayetambaa hula udongo kila siku bila mtu kumwona: mkono unagusa chini, mkono unaingia mdomoni. Makadirio ambayo wataalamu wa afya wamezoea kuyatumia ni kama miligramu 100 za vumbi na udongo kwa siku, yaani chembe chache zinazokaa kwenye ncha ya kisu. Udongo ukiwa na miligramu 1,000 za risasi katika kila kilo, mtoto huyo anameza maikrogramu 100 za risasi kila siku, nje ya chakula chake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe pindi damu inapofikisha maikrogramu 5 kwa desilita.

Nigeria ilijifunza hili kwa vilio. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, watoto wa vijiji vya wachimbaji walianza kufa kwa degedege. Jiwe la dhahabu la huko lilikuwa na risasi nyingi, na familia zilikuwa zikilisaga ndani ya viwanja vyao, kama kwetu. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walikuwa na dawa ya kuondoa risasi mwilini, lakini waliona kwamba kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye uwanja uleule ni kupoteza dawa na mtoto, kwa hiyo usafi wa udongo ulipaswa kutangulia. Vijiji saba vilisafishwa kati ya 2010 na 2011. Cha nane, Bagega, kikasubiri fedha hadi 2013.

Sisemi Kamituga ni Zamfara. Kila mwamba una madini yake. Ninachosema ni kwamba mwenye pesa kidogo aianzie pale mtoto anapotambaa.

Kutoa udongo na kuleta mwingine

Hii ndiyo njia waliyotumia Zamfara. Walikwangua tabaka la juu, wakalizika kwenye mashimo yaliyotengwa, wakarudishia udongo safi. Kipimo chao kilikuwa miligramu 400 za risasi kwa kilo. (Marekani nayo ilikuwa ikitumia 400 kama kipimo cha kuanza kuchunguza maeneo ya makazi, ikakishusha hadi 200 mwaka 2024.)

Uzuri wake ni kwamba inamaliza kazi kwa siku chache, na haijali ni madini gani. Risasi, aseniki, kadimi, zebaki, vyote vinaondoka pamoja na udongo vilimokaa. Ubaya wake ni uzito. Uwanja wa mama mdogo una mita 12 kwa 15. Ukikwangua sentimita 10 tu, unapata mita za ujazo 18, karibu tani 23, safari kama 300 za toroli ya lita 60. Kisha unahitaji safari nyingine 300 za udongo safi. Kwa shamba la hekta moja hesabu inafika tani 1,300. Hakuna familia inayobeba hizo.

Lakini uwanja hauchafuki sawasawa. Nilimwomba anionyeshe kwa simu mahali vinu vilipokaa. Ni eneo la mita 5 kwa 6 hivi, pamoja na kona ya nyuma ya jikoni. Hapo tunazungumzia mita za ujazo 3, safari 50 za toroli. Vijana wawili wanamaliza kwa siku mbili au tatu, udongo ukiwa umenyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke, na watoto wakiwa wamepelekwa kwa jirani.

Nyuma ya jikoni pana jambo lake. Mahali pa kukamulia na kuchomea zebaki mara nyingi huwa na vitone vyake vidogo vinavyong'aa ardhini. Pasifagiliwe kwa ufagio, kwa maana ufagio unavipasua na kuvitawanya. Palowanishwe, pachotwe kwa koleo hadi udongo usioonyesha dalili, na uchafu ule utiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana. Sufuria au kikaango kilichowahi kuchomea donge kisirudi jikoni kamwe, hata kikisuguliwa kiasi gani.

Swali linaloharibu kazi hii kuliko yote ni: udongo uliotolewa unakwenda wapi? Ukiumwaga kijitoni umeuhamishia kwa jirani wa chini. Uzikwe kwenye shimo lililo juu ya mahali maji ya mvua yanapofika, mbali na kisima, chini pakiwa na udongo wa mfinyanzi, juu ukifunikwa kwa nusu mita ya udongo safi na kupandwa nyasi. Watu wa nyumbani waonyeshwe mahali hapo, ili asije mtu akachimba choo.

Asiyeweza kutoa anaweza kufunika: kokoto, mawe bapa, au saruji juu ya mahali pa kutwangia. Ni nusu ya njia hii, bei yake iko chini, na kwa uwanja inatosha maadamu kifuniko hakijapasuka.

Chokaa na mboji

Udongo wetu mwingi wa Kivu ya Kusini ni mwekundu na una asidi. Katika asidi, risasi na kadimi huyeyuka na mizizi huzinywa. Ukipandisha pH (kipimo cha asidi, ambacho namba yake ikipanda asidi inapungua) kutoka 5 hadi karibu 6.5, zinajishikiza kwenye udongo na mmea unapata kidogo. Chokaa tani 2 kwa hekta ni kiasi cha kawaida kwa udongo wa namna hii, yaani gramu 200 kwa kila mita ya mraba, au kilo 20 kwa kipande cha mita 10 kwa 10. Changanya hadi kina cha jembe, ngoja wiki kadhaa, ndipo upande. Baada ya miaka michache mvua inarudisha asidi, na unarudia.

Mboji na samadi iliyooza nazo hushika madini, na pia zinanenepesha zao, jambo ambalo mkulima analiona kwa macho msimu uleule. Ndiyo maana agronomu wengi hupendekeza njia hii kwanza. Mimi pia ningeipendekeza kwanza, kama isingekuwa aseniki.

Aseniki inaenda kinyume. Inashikwa na chuma kilichomo katika udongo mwekundu, na inashikwa vizuri zaidi udongo ukiwa na asidi kidogo. Ukizidisha chokaa, mshiko unalegea. Ukitia mbolea ya fosfeti au unga wa mifupa, ambao kwa risasi ni dawa nzuri kwa sababu huifanya kuwa madini yasiyoyeyuka, fosfeti inachukua nafasi ya aseniki na kuisukuma ndani ya maji. Kwa hiyo mtu mwenye risasi peke yake atasaidika na chokaa na fosfeti, na mwenye aseniki nyingi atajidhuru kwa dawa zilezile. Wanaweza kuwa majirani wanaotenganishwa na uzio. Hili ndilo lililonifanya nimkataze mama mdogo asinunue hata gunia moja la chokaa kabla ya kupima.

Majivu ya jikoni yanafanya kazi ya chokaa, nayo hayanunuliwi. Sharti ni moja tu: yasitoke kwenye kuni zilizokua juu ya lutra, kwa sababu moto unapunguza mti na kuyaacha madini yake mengi ndani ya majivu.

Mimea ya kunyonya sumu

Kijana wa chuo hakudanganya. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walieleza mmea wa jamii ya kangaga, Pteris vittata, unaoinyonya aseniki na kuirundika kwenye majani yake kwa wingi wa ajabu. Lakini tupige hesabu. Chukua hekta moja yenye aseniki miligramu 100 kwa kilo. Tabaka la sentimita 20 lina tani 2,600 za udongo, kwa hiyo kilo 260 za aseniki. Tuseme kangaga inatoa tani 5 za majani makavu kwa mwaka, yenye miligramu 3,000 kwa kilo: umeondoa kilo 15. Kupunguza nusu tu kunachukua karibu miaka 9, na kila mwaka una tani 5 za majani yenye sumu ambayo huwezi kuyachoma wala kumpa mbuzi.

Kwa risasi hesabu inakatisha tamaa kabisa. Udongo wenye miligramu 800 kwa kilo una risasi zaidi ya tani 2 kwa hekta. Mmea wa kawaida ukibeba miligramu 100 kwa kilo katika tani 10 za majani makavu, unaondoa kilo 1 kwa mwaka. Ungehitaji miaka elfu moja kufika 400.

Kuna matumizi mengine ya mimea ambayo nayathamini zaidi: kupanda ili udongo utulie. Lubumbashi wana mfano wa karibu. Katika mtaa wa Penga Penga, moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba uliacha ardhi yenye asidi na shaba nyingi, uchi kama kipara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuirudishia nyasi za kwao Katanga zilizozoea udongo wa shaba, hasa Microchloa altera, wakisaidiwa na chokaa na mboji. Shaba ilibaki mlemle. Kinachotafutwa ni ardhi kufunikwa, vumbi lisiende kwenye nyumba za watu na mvua isibebe tope. Kwetu milimani, safu za nyasi za vetiva zilizopandwa kukata mteremko zinafanya kazi hiyo, na mizizi yake inashuka chini sana. Hiyo naichagua kwa moyo wote kwa ajili ya mteremko wa mama mdogo, kati ya uwanja na shamba, na safu nyingine juu ya kijito.

Kubadili mazao

Hii haina sifa ya kisayansi kama kangaga, na watu huisikia kama kushindwa. Kwa maoni yangu ndiyo inayookoa afya nyingi kwa pesa kidogo, kwa sehemu zote za shamba isipokuwa uwanja.

Mmea hausambazi madini sawasawa mwilini mwake. Majani na mizizi hupata mengi, matunda na punje hupata kidogo. Kwa hiyo lengalenga, matembele na sombe (majani ya muhogo) ndizo za kuogopa zaidi, na lengalenga inajulikana kwa kupenda kadimi. Mahindi, maharage, ndizi, nyanya, biringanya, maracuja (pasheni) na avokado viko upande wa usalama zaidi. Muhogo uko katikati: risasi nyingi iko kwenye ganda na udongo ulioshikamana nalo, na sisi kwa desturi yetu tunalimenya na kuloweka. Desturi hiyo inatusaidia hapa, mradi umenye kabla ya kuloweka na maji ya kulowekea yasitoke kwenye kijito cha waoshaji.

Watu wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya risasi inayokuwa kwenye mboga haikupitia mzizini. Ni udongo uliorukia jani wakati wa mvua. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo. Sasa fikiria kilo moja ya lengalenga ambayo baada ya kuoshwa harakaharaka bado ina gramu moja ya udongo wenye miligramu 1,000 kwa kilo. Gramu hiyo peke yake imeleta miligramu 1, zaidi ya mara tatu ya kiwango, hata kama mzizi haukunyonya chochote. Ndiyo maana matandazo ya nyasi chini ya mboga yana faida kubwa, na ndiyo maana sombe inapaswa kuoshwa kwa maji matatu kabla ya kutwangwa, si baada. Zebaki iliyoingia jani kwa njia ya hewa haioshwi. Kama jirani bado anachoma donge, mboga za majani zisilimwe karibu, basi.

Mikaratusi ya jirani si ushauri mbaya kwa mahali palipojaa lutra ambapo hutaki mtu ale kitu: nguzo za nyumba haziliwi. Ila inakunywa maji mengi, na kwenye mteremko wake mdogo ingemnyima muhogo na mboga. Mianzi ingenipendeza zaidi. Mtu mmoja alimtajia kwinini, zao tulilolizoea Kivu. Nililikataa, kwa kuwa gome lake huishia kuwa dawa ya kumeza.

Kwa mboga za kila siku kuna bustani za magunia. Gunia linajazwa udongo uliotoka kilima kisicho na machimbo, pamoja na mboji, kwa kina cha sentimita 40, na linawekwa juu ya mawe ili mizizi isifike chini. Magunia machache yakitunzwa yanaipatia nyumba lengalenga na vitunguu vya majani.

Bonde na yale mashimo

Hapa sikumpa mama mdogo chaguo. Mahali udongo unapolala ndani ya maji bila hewa, vijidudu hugeuza zebaki ya kawaida kuwa methili-zebaki, ambayo huingia katika minyoo na wadudu, ikapanda kwa samaki, na kila anayekula mwenzake anairundika zaidi. Ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia kwanza. Huko Madre de Dios, Peru, ambako wachimbaji wa dhahabu waliacha maelfu ya mashimo ya maji msituni, ndicho watafiti walichokikuta katika mabwawa yale. Kwa hiyo samaki wasifugwe mle. Mpunga pia usipandwe, kwa sababu maji yanayotuama yanafungua aseniki na kuikabidhi kwenye punje, na methili-zebaki nayo hufuata njia hiyo. Magimbi ya bondeni niliyakatalia kwa sababu hizohizo. Na samadi, ambayo shambani ni rafiki, isimwagwe bondeni: inawalisha vijidudu wale.

Bonde libaki na matete.

Kwa kifupi, njia na madini

| | Risasi | Kadimi | Aseniki | Zebaki |
|---|---|---|---|---|
| Kutoa au kufunika | inafaa sana | inafaa | inafaa | kutoa kunafaa, hasa palipochomewa |
| Chokaa na mboji | inafaa | inafaa sana | chokaa yaweza kudhuru | inasaidia kidogo; bondeni hapana |
| Mimea ya kunyonya | haifai | polepole mno | kangaga, kwa miaka mingi | haifai |
| Kubadili mazao | inafaa | inafaa sana | inafaa, bila mpunga | inafaa, bila mpunga na samaki |

Kupima

Jedwali hilo halina maana kwa mtu asiyejua yuko safu gani. Kwa shamba, chota udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka mahali 10 hadi 15 ukitembea kwa zigizaga, changanya ndani ya beseni safi la plastiki, toa nusu kilo. Kwa uwanja chota sentimita 2 za juu tu, kwa kuwa ndizo mtoto anazozigusa. Uwanja, mteremko na bonde visichanganywe: ni mifuko mitatu yenye majina matatu. Usichote kwa koleo lenye kutu.

Kuna kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei kinachosoma risasi na aseniki ndani ya dakika chache. Kina kasoro mbili ambazo mwenye kukilipia anapaswa kuzijua. Risasi ikiwa nyingi, mwale wake unafunika ule wa aseniki, kwa hiyo namba ya aseniki usiitegemee, uombe maabara. Na zebaki kidogo hakiioni. Hiyo inataka kipimo chake maalumu. Waulize wenye maabara mambo hayo kabla ya kutoa pesa. Na mtoto aliyekulia uwanjani apimwe damu, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu risasi huanza kuharibu akili kabla ya kuonyesha ugonjwa.

Tulichochagua

Mama mdogo na mimi tulikubaliana hivi. Mifuko mitatu ya udongo inapanda gari la Bukavu juma hili, barabara ya Mwenga ikiruhusu. Bila kusubiri majibu, kona ya nyuma ya jikoni inachotwa, na mahali pa vinu panakwanguliwa sentimita 10 na kurudishiwa udongo kutoka kilima cha kanisa. Hilo ni sahihi kwa madini yoyote, hivyo halina la kungojea. Lengalenga inahamia kwenye magunia. Vetiva inapandwa mvua zikianza. Muhogo unabaki mteremkoni, lakini sombe ya shamba hilo hailiwi mpaka majibu yafike, na chokaa inangoja majibu hayohayo. Aseniki ikiwa ndogo, atatia kilo 20 kwa kila mita 10 kwa 10. Ikiwa kubwa, atatia mboji peke yake na kuhamia mahindi na ndizi. Mwenye wazo la samaki ameambiwa hapana.

Mwishoni aliniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa moyoni mwake tangu mwanzo: "Na mti wangu?" Mizizi ya avokado iko juujuu, ukikwangua sentimita 10 kuuzunguka utaua mti, na ukiurundikia udongo shinani utauozesha. Chini ya kivuli chake tutapanga mawe bapa yenye kokoto katikati, umbali wa hatua moja kutoka shinani, na hapo shinani tutaweka matandazo mazito ya nyasi na kuzungushia uzio mdogo ili mtoto asifike. Matunda yake wataendelea kuyala. Wayaoshe ganda kabla ya kukata.